Posta Ilikuwa ya Nani?

Nimechoka na sifa za majengo ya posta. Msifiaji atakuonyesha kuta za Posta ya Zamani pale Dar es Salaam, atakuambia Wajerumani walijua kujenga, na ataishia hapo. Mimi ni wa Kanoni, Karagwe. Historia ya posta naitazama nikiwa nje ya mlango, na kutoka huku nje haipendezi sana.

Tuanze na ukweli. Posta hizi hazikuanzishwa kwa ajili ya mwenyeji. Zanzibar ilikuwa na posta iliyoendeshwa na serikali ya India hadi mwaka 1895, kwa stempu za India zenye sura ya Malkia Victoria. Huku Bara, Wajerumani walifungua posta Bagamoyo na Dar es Salaam mwaka 1890. Mwaka 1893 wakachukua stempu za kwao, wakazigonga thamani ya pesa, maana rupia moja ilikuwa pesa 64. Mkulima wa migomba hakuulizwa kama ana mtu wa kumwandikia. Kodi ya nyumba ilipokuja mwaka 1898, yeye alikuwa jambo linaloandikwa ndani ya barua, si mwenye barua.

Bukoba, ngome aliyoianzisha Emin Pasha mwaka 1890, nayo ikapata kituo cha posta. Barua zilifikaje? Kabla ya reli ya Uganda kufika Kisumu mwaka 1901, sehemu kubwa ya njia zilikwenda kwa miguu. Miguu ya nani? Ya matarishi. Leo wakusanyaji wa stempu wananunua bahasha za wakati ule kwa bei kubwa. Wanajua muhuri, wanajua bwana aliyeandika na bwana aliyeandikiwa. Aliyeibeba porini hawamjui hata jina. Historia inayokumbuka ukuta na kumsahau tarishi ni historia nusu.

Utasema, lakini baada ya uhuru posta ikawa yetu. Kisheria, ndiyo. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 tukabaki na shirika letu, na mwaka 1994 posta na simu zikatengana. Mazoea hayakutengana na ya zamani: barua inakaa mjini, wewe uifuate. Ndiyo maana ya S.L.P. Anwani ni ya mwenye sanduku, na kijijini sanduku tuliazima la parokia, la shule au la chama cha msingi cha kahawa. Jina lako likasomwa mbele ya watu baada ya misa, na kama hukwenda misani, bahati yako. Nimemwona kijana akipokea barua ya kuitwa kwenye usaili wakati usaili umeshapita. Hakuwa mzembe. Hakuwa na anwani.

Mwingine atasema simu imemaliza hayo. Ujumbe, sawa. Lakini cheti halisi hakipiti kwenye simu, wala kifurushi cha dawa, wala kitabu. Mwaka 2022 serikali ilisimamia kazi ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na barabara zikapewa majina. Naisifu kazi hiyo bila kinyongo. Ila namba ya nyumba isiyoletewa barua inamsaidia mwenye kuhesabu kuliko mwenye kuishi humo.

Sitaki majengo ya zamani yabomolewe. Yahifadhiwe, na ndani yake iandikwe habari ya matarishi, hata kama majina yao yamepotea. Lakini kila shilingi ya rangi ya ukuta wa mjini ifuatane na shilingi ya kufikisha barua katani. Wala haihitaji ghorofa. Kanoni tuna vijana wa bodaboda wanaojua kila shamba na mwenye shamba, usiku na mchana. Matarishi tunao. Hakuna anayewakabidhi barua.