Mafuta ya Halali na Kipimo cha Mkojo



Wengi wetu tuna mtoto, shemeji au rafiki aliyekwenda Marekani akapata kazi ya kuendesha lori, kutunza wazee au kupakia mizigo katika ghala. Siku hizi vifurushi wanavyotutumia vina kitu kipya ndani yake: chupa ndogo ya matone ya kutia chini ya ulimi ili maumivu yapungue na mtu alale, au peremende laini za rangi. Juu ya chupa pameandikwa CBD, na pengine pana picha ya jani ambalo kila askari wa Kenya analijua. Anayetuma husema, "Hii ni halali, nimeinunua dukani, si bangi." Twataka kusema juu ya maneno hayo, kwa sababu ni nusu tu ya kweli, na ile nusu iliyobaki imewanyang'anya watu kazi zao.

Mti ni ule ule mmoja. Ndani yake mna kemikali nyingi ambazo wataalamu huziita kanabinoidi. Kubwa ni mbili: THC, ambayo ndiyo ilevyayo, na CBD, ambayo hailevyi. Iko aina ya mti huo yenye THC kidogo sana, nayo huitwa hempu. Nyuzi zake hufanya kamba na nguo. (Msiichanganye na katani ya mkonge wetu, huo ni mmea mwingine kabisa.) Desemba 2018 serikali ya Marekani ilipitisha Sheria ya Kilimo iliyosema kwamba mmea huo, ikiwa THC yake haizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu, si bangi tena mbele ya sheria. Ni mazao ya shamba kama mahindi. Baada ya hapo matone na peremende zikajaa madukani, hata katika vituo vya petroli.

Asilimia 0.3 husikika kama si kitu. Lakini sisi tuliosoma shule ya msingi ya misheni tulifundishwa desimali kwa kiboko, basi na ituf ae leo. Hiyo ni miligramu 3 katika kila gramu. Peremende ya gramu 5 yaweza kubeba miligramu 15. Chupa ya mafuta ya mililita 30 yaweza kubeba zaidi ya miligramu 80, na muuzaji bado akadai kwamba yu ndani ya sheria. Miligramu 10 yatosha kumlevya mtu asiyeizoea. Mpaka uliowekwa kwa ajili ya majani makavu shambani ulichukuliwa ukatumiwa juu ya peremende na mafuta, vitu vizito, na wafanya biashara wakafurahi.

Sasa tazameni kipimo. Mtu akila THC, mwili wake huigeuza na kuacha masalio. Masalio hayo hukaa katika mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo katika mkojo. Kwa mtu aliyetumia mara moja ni siku chache. Kwa mwenye kutumia kila siku yaweza kuwa majuma kadhaa. Ulevi wenyewe huisha kwa saa chache tu. Kipimo cha mkojo hutafuta masalio, hakitafuti ulevi. Hakiwezi kusema kama mtu alikuwa amelewa alipokuwa kazini, wala hakiwezi kusema kama THC hiyo ilitoka katika msokoto wa kichochoroni au katika chupa ya dukani yenye risiti.

Kwa wafanya kazi wa reli, malori na ndege huko Marekani, mkojo hupimwa mara mbili. Cha kwanza ni kipimo cha haraka, na mpaka wake ni nanogramu 50 katika mililita moja. Nanogramu ni gramu iliyogawanywa mara elfu milioni. Aliyefika mpaka huo hupelekwa katika kipimo cha pili cha mashine kubwa, na hapo mpaka ni 15. Mipaka hii haikushuka mbinguni. Hata mwaka 1994 ule wa kwanza ulikuwa 100, ukateremshwa ukawa 50. Wakimbiaji wetu wanaopimwa katika mashindano ya dunia wamewekewa mpaka wa nanogramu 150 kwa masalio hayo hayo. Kwa hiyo mkojo mmoja waweza kumwacha mtu akavaa medali, na ukamfukuza mwingine juu ya injini. Hatusemi kwamba injini na uwanja wa mbio ni kitu kimoja. Twasema mipaka huwekwa na watu, na chama cha wafanya kazi kina haki ya kuuliza imewekwa kwa sababu gani.

Je, CBD yenyewe humwangusha mtu? CBD iliyo safi, hapana. Taabu ni kwamba iliyo safi haipatikani kwa urahisi. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani walichapa habari za bidhaa 84 za CBD walizozinunua katika mtandao. Ni 26 tu ambazo kiasi cha CBD kilikuwa kama lebo ilivyosema. Katika 18 walikuta THC. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakachapa majaribio ya watu 6. Walipopewa CBD safi hakuna hata mmoja aliyeanguka. Walipovuta mvuke wa majani yenye CBD nyingi na THC miligramu 3.7 tu, wawili kati ya sita walianguka kwa mipaka ile ya serikali. Linganisheni 3.7 hiyo na hesabu yetu ya peremende hapo juu.

Tena iko kitu kiitwacho delta-8. Sheria ya 2018 ilihesabu aina moja tu ya THC, yaani delta-9. Wenye akili ya biashara wakachukua CBD ya hempu, wakaichemsha na asidi, wakapata delta-8, nduguye yule wa kwanza, ambaye naye hulevya. Wakaiuza kwa jina la hempu. Masalio yake yanafanana sana na yale mengine, na kipimo cha haraka mara nyingi hakiwezi kuyatenga. Novemba 2025 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya ya kuziba tundu hilo: THC za namna zote zihesabiwe pamoja, na chombo kimoja cha bidhaa kisizidi miligramu 0.4. Lakini sheria hiyo ilipewa mwaka mzima kabla ya kuanza, na chupa zilizokwisha kuuzwa hazirudi dukani zenyewe.

Mtu atasema, anayefukuzwa aonyeshe lebo na risiti. Haimfai. Februari 2020 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilitoa ilani kwa wafanya kazi wote wa usalama walio chini yake, madereva wa gari moshi wakiwamo: kutumia CBD si udhuru wa kitabibu kwa mkojo uliokutwa na bangi. Daktari anayekagua majibu aandike kwamba mtu ameanguka, hata kama mtu huyo asema alitumia CBD tu. Serikali ile ile iliyoruhusu duka kuuza ndiyo inayomwambia mnunuzi kwamba shauri lake.

Yuko dereva mmoja wa lori huko, Douglas Horn. Mwaka 2012, kabla hata ya sheria ile ya kilimo, alikuwa na maumivu ya ajali yasiyokwisha. Akanunua matone ya hempu yaitwayo Dixie X, yaliyotangazwa kwamba hayana THC. Tajiri wake akampima, THC ikaonekana, akafukuzwa. Akanunua chupa nyingine akaipeleka maabara. THC ikakutwa ndani. Akawashitaki waliotengeneza. Tarehe 2 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, waamuzi watano kwa wanne, ilisema kwamba aweza kudai hasara ya kupoteza kazi yake. Angalieni vizuri: haikusema alipwe. Ilisema mlango wa kudai haukufungwa. Miaka 13 ilikuwa imepita. Katika miaka 13 mtoto aliyekuwa darasa la kwanza amemaliza sekondari, na karo haingoji waamuzi.

Sisi watu wa reli hatuwezi kusema kwamba vipimo viondolewe. Tarehe 4 Januari 1987, mahali paitwapo Chase katika jimbo la Maryland, injini za kampuni ya Conrail zilipita ishara zilizowaamuru kusimama, zikaingia mbele ya gari la abiria la Amtrak. Watu 16 walikufa. Dereva na mwenzake wa breki walikuwa wamevuta bangi. Kila dereva, gadi na shunta anayesoma karatasi hii anajua maana ya kupita ishara, wala hahitaji kuhubiriwa. Baada ya msiba huo Bunge lao lilitunga sheria ya vipimo ya 1991 kwa kazi zote za uchukuzi. Kabla yake, mwaka 1989, vyama vya wafanya kazi wa reli vilikuwa vimekwenda mahakamani kupinga kupimwa watu wasioshukiwa lolote. Vilishindwa, waamuzi saba kwa wawili. Kwa maoni yetu halikuwa jambo la aibu kushitaki. Lakini tangu siku hiyo swali si kama tupimwe au tusipimwe. Swali ni namna gani, na nani yu chumbani majibu yanaposomwa.

Hapa kwetu hali ni mbaya kwa namna nyingine. Tumesikia kwa wenzetu wa viwanda na magari habari za matajiri wanaonunua vikaratasi vya kupimia vya bei rahisi, karani anachovya kimoja katika kikombe, mstari ukikosa kutokea mtu anaambiwa achukue koti lake. Hakuna kipimo cha pili, hakuna daktari, hakuna chupa iliyowekwa akiba. Hicho ni kipimo cha haraka tu, kile ambacho Wamarekani wenyewe, pamoja na ukali wao wote, hawamfukuzi mtu kwacho peke yake.

Na sheria yetu haikukaa kimya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, husema juu ya mtu ambaye saa za kazi amelewa hata akawa hataki au hawezi kuifanya kazi yake sawasawa. Someni tena maneno hayo. Yanahusu ulevi unaoharibu kazi. Mkojo wenye masalio ya Jumapili hausemi neno juu ya kazi ya Alhamisi. Kifungu cha 41 humwamuru tajiri amweleze mtu sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama, na amsikilize kabla ya kukata shauri. Kifungu cha 43 humtaka tajiri ndiye athibitishe sababu. Mwanachama akifukuzwa kwa kikaratasi, wajumbe waanze na vifungu hivyo vitatu kabla ya kuanza kubishana juu ya bangi.

Wako wenzetu wanaosema, "Mwambieni mtu asitumie, yamekwisha." Twakubali nusu ya kwanza. Mwenye kushika breki, pointi au usukani asitie matone hayo mdomoni, hata kama yametoka kwa mama mzazi. Tena kwetu bangi ni marufuku chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994, na mpaka ule wa asilimia 0.3 ni wa Marekani, si wa Kenya. Ndugu wanaokwenda kazi za Ghuba wasitie chupa hizo katika sanduku. Lebo ya Marekani haitawasemea mbele ya forodha ya huko. Walioko Marekani wenyewe wajue kwamba mkojo wao hugawanywa chupa mbili, na kwamba wakiambiwa wameanguka wana saa 72 za kudai chupa ya pili ipimwe katika maabara nyingine. Wengi hukaa nyumbani wakilia mpaka saa hizo zimekwisha.

Nusu ya pili, ile ya "yamekwisha", hatuikubali. Mwenye kiwanda aliandika lebo ya uongo akapata faida. Mwenye duka alipata faida. Serikali ilipata kodi. Tajiri alipata mtu mwingine wa kushika kazi siku ya pili. Katika watu hao wote ni mmoja tu aliyelipa, naye ndiye alikuwa akiumwa goti.

Kwa hiyo twaomba mapatano yajayo yawe na kifungu hiki: kwamba hakuna mtu atakayeachishwa kwa kipimo cha haraka peke yake, kwamba kipimo cha pili kifanywe katika maabara ya kweli na mipaka iandikwe kwa namba, kwamba chupa ya akiba iwekwe na mwenyewe aweze kuidai, kwamba daktari amsikilize mtu kwa faragha kabla majibu hayajafika kwa tajiri, kwamba anayengoja majibu aondolewe kwenye kazi ya hatari bila kukatwa mshahara. Tawi lililokwisha kupata kifungu kama hicho lituletee nakala yake, tuilinganishe na hii kabla ya kukaa mezani.