Bei ya shule ya muziki tuihesabu yote

Kwetu Eringeti, kijana akisema anaacha sheria ao pedagoji ili asome muziki, wakubwa wanacheka: eti muziki ni kazi ya wasiokuwa na kazi! Lakini watu hao hao, siku ya harusi, wanatafuta mpiga ngoma tangu asubuhi. Tuache unafiki huo.

Tena tusiseme kwamba anayebadilisha shule ni mvivu. Mauaji yalianza katika eneo la Beni mwaka 2014, na tarehe 29/11/2015 Eringeti yenyewe ilishambuliwa, hata hospitali. Wanafunzi wengi walikimbia na kuacha masomo katikati. Vyombo navyo vilibaki nyuma. Endara ni mbao zinazolazwa juu ya vigogo vya mgomba, na watu wanaipiga kwa pamoja. Ukikimbia usiku, hauwezi kuibeba kichwani.

Lakini nanyi vijana, mko na kosa lenu. Mnauliza tu: « Minerval ni ngapi? » Hiyo ni nusu ya bei. Tangu mfumo wa LMD uanze kwetu mwaka 2021, mwaka mmoja ni kredi 60, na lisansi ni kredi 180. Kama ulishamaliza miaka miwili, uliza kwanza: watakubali kredi ngapi? Shule yenye minerval ndogo inayokurudisha mwaka wa kwanza imekula miaka yako miwili pamoja na jasho la mama yako. Tena jibu la mdomo halitoshi, utake karatasi yenye sinyatire na muhuri.

Tuchukue mifano miwili. Kinshasa kuna INA, iliyozaliwa mwaka 1967 kama konservatwari ya taifa. Masomo ni kwa Kifaransa, mfumo ni wetu. Ila ni zaidi ya kilometa 1 500, utapanda ndege, utapanga nyumba. Kampala kuna Makerere, yenye idara ya muziki, ngoma na michezo ya kuigiza tangu mwaka 1971. Toka Beni hadi mpaka wa Kasindi ni karibu kilometa 80, kisha barabara inaendelea. Lakini masomo ni kwa Kiingereza. Na kwa sababu Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, uliza kama utalipa bei ya mwenyeji ao ya mgeni. Tiketi, nyumba, lugha, chombo cha kujifunzia: vyote ni bei.

Mimi naona jambo moja linapita yote: shule inayokufundisha piano na kukufanya uone haya ya endara ni ghali, hata kama ni ya bure. Ng'ambo ya Ruwenzori, ndugu zetu Bakonzo wanapiga endara ile ile, wanapuliza na eluma. Kijana atakayesomea upande ule asikose kufika kwao.

Na sisi wakubwa? Kwenye eluma kila mtu anapuliza filimbi yake yenye sauti moja, na wimbo unatokea. Basi, tuchange hivyo hivyo: familia moja tiketi, nyingine chakula, mzee anayejua endara atoe saa zake. Tukingoja amani itimie kwanza, kijana atarudi na diploma yake, na hatakuta mzee wa kumfundisha.