Wachezaji wa Kuba Si Wasaliti: Nabadilisha Kura Yangu

Nyote mliohudhuria mdahalo wa chama chetu muhula wa pili mnaikumbuka mada: mwanamichezo anayeihama nchi yake kwa ajili ya pesa ni msaliti. Mimi nilikuwa mtetezi wa kwanza. Kila mwaka mfano unaotolewa ni ule ule wa Stephen Cherono, aliyegeuka Saif Saaeed Shaheen wa Qatar akamshinda Ezekiel Kemboi wetu kule Paris mwaka wa 2003. Nilijua wapinzani wamekesha wakitafuta jibu la Cherono. Basi nikamwacha Cherono, nikawapeleka Kuba, ambako hakuna aliyetarajia kwenda.

Niliwaeleza habari za Teófilo Stevenson, bondia aliyetwaa dhahabu tatu za Olimpiki, 1972, 1976 na 1980, akakataa mamilioni ya dola za ngumi za kulipwa. Nikaongeza Omar Linares, mchezaji hodari wa besiboli ambaye klabu za Marekani zilimmezea mate miaka nenda miaka rudi, naye akabaki kwao. Nikauliza kwa sauti ya juu, "Na hawa wengine wanaotoroka usiku, tuwaiteje?" Ukumbi ulilipuka kwa makofi, hata wapishi wakachungulia dirishani. Tukashinda.

Ukweli ni kwamba habari zenyewe nilizisoma nusu. Wakati wa likizo nilizisoma zilizobaki, na kumbe mambo hayakuwa vile. Omar Linares mwenyewe, shujaa wangu wa siku ile, mwaka wa 2002 alikwenda Japani kuchezea timu ya kulipwa ya Chunichi Dragons, tena kwa idhini ya serikali yake. Wapinzani wangelijua hilo wangenimaliza palepale. Hawakulijua, nami nikashuka jukwaani nikipewa mikono. Tangu hapo sina raha na ushindi ule.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, besiboli ni binamu ya raunda wanayocheza wasichana wetu nyuma ya maabara. Kila timu ina watu tisa. Mmoja anarusha mpira, mpinzani anausubiri na rungu, akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne. Kituo cha mwisho huitwa nyumbani, na ni mpaka ufike nyumbani ndipo upate pointi. Vijana wa Kikuba waliosomea Marekani waliuleta kisiwani miaka ya 1860, na ligi yao ilianza mwaka wa 1878, Kuba ikiwa ingali koloni la Uhispania. Kule ndio mchezo wa watu wote. Mjini Havana, katika bustani ya Parque Central, kuna kona ambapo wanaume hubishana juu ya besiboli kutwa nzima, wakipigiana kelele kama makanga wanaogombania abiria.

Baada ya mapinduzi ya 1959, serikali ya Fidel Castro ilipiga marufuku michezo ya kulipwa mwaka wa 1961. Ligi ya zamani ikavunjwa na mwaka uliofuata ikaanza ligi mpya ya taifa, ambayo wachezaji wake walilipwa mshahara wa kawaida tu kama wafanyakazi wengine. Mwaka huo huo wa 1962 Marekani nayo ikaiwekea Kuba vikwazo vya biashara, hivyo klabu ya Marekani haikuweza kumlipa mtu anayeishi Kuba hata senti. Tazameni jambo hili vizuri, maana kwenye mdahalo nililiruka. Mlango ulifungwa kwa kufuli mbili, moja ndani na moja nje. Mkuba aliyetaka kucheza ligi kubwa ya Marekani ilimbidi kwanza aihame nchi yake kabisa, kisha apate makao katika nchi nyingine. Hakukuwa na njia ya kwenda akacheza miezi kadhaa kisha akarudi kwa mama yake, kama wanavyofanya wanariadha wetu wanaokimbia Ulaya wakarudi kujenga Eldoret na Iten.

Watu walivumilia miaka thelathini. Halafu mwaka wa 1991 Muungano wa Kisovieti, uliokuwa ukiisaidia Kuba kwa mafuta na mahitaji mengine, ukasambaratika. Chakula kikawa haba na umeme ukawa wa kukatikakatika. Julai ya mwaka huo, timu ya taifa ikisubiri ndege ya kurudi kwao katika uwanja wa Miami, mrusha mpira René Arocha alitoka nje kwa miguu yake, asirudi. Ndiye aliyekuwa wa kwanza katika timu ile kufanya hivyo. Mwaka wa 1993 Rey Ordóñez akaruka ua kule Buffalo wakati wa michezo ya vyuo vikuu. Mwaka wa 1995 Liván Hernández akatoroka akiwa Meksiko. Mwaka wa 2009 Aroldis Chapman akatoka hotelini Rotterdam, Uholanzi, akaingia gari, huyo akaenda zake. Miezi michache baadaye akatia sahihi mkataba wa zaidi ya dola milioni 30.

Najua hapo ndipo wengi mtasema, "Si unaona? Pesa!" Ngojeni kwanza niwape kisa cha ndugu yake Liván.

Huyu aliitwa Orlando Hernández, kwa jina la utani El Duque, yaani Bwana Mkubwa. Alikuwa mrusha mpira mwenye rekodi bora ya ushindi katika ligi ya Kuba. Mdogo wake alipotoroka, yeye alibaki. Sasa ungedhani serikali itamshika mkono imwambie ahsante. La hasha! Ilimshuku, ikamwondoa katika timu ya taifa, na mwaka wa 1996 ikamfungia kucheza maisha yake yote. Akaishia kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Hakuruhusiwa tena kuushika mpira aliouishi tangu utotoni. Desemba 1997 akapanda mashua pamoja na wenzake wachache, wakakwama siku kadhaa katika kisiwa kitupu cha Bahama mpaka wakaokolewa. Mwaka uliofuata alikuwa New York na Yankees, kwa mkataba wa dola milioni 6.6, na wakatwaa ubingwa. Mama yake na mabinti zake wawili walikuwa bado Kuba. Ilibidi Kadinali John O'Connor wa New York aiombe serikali ya Kuba ndipo wakaruhusiwa kwenda kumwona, Oktoba 1998.

Nauliza tena swali langu la mdahalo, lakini kwa sauti ya chini. Huyu tumwiteje? Alibaki, akaadhibiwa kwa kubaki.

Walioondoka baadaye walipata shida nyingine. Kwa kuwa ligi ya Marekani ilimpa Mkuba aliyetulia nchi ya tatu uhuru wa kuzungumza na klabu yoyote, bei yake ilikuwa kubwa zaidi kuliko ya yule aliyekwenda Marekani moja kwa moja. Walanguzi wa watu wakanusa hela. Wakaanza kuwapeleka wachezaji kwa boti za kasi mpaka Meksiko, Haiti na Jamhuri ya Dominika, kisha kuwakata mamilioni katika mishahara yao. Yasiel Puig alipoondoka mwaka wa 2012 alifungiwa katika hoteli moja kisiwani Meksiko huku walanguzi wakisubiri walipwe. Yasemekana walitisha kumkata mkono. José Abreu aliieleza mahakama ya Miami mwaka wa 2017 kwamba, akiwa ndani ya ndege kutoka Haiti, alitafuna ukurasa wa pasipoti ya bandia akauteremsha kwa bia ili asikamatwe nao. Darasani kwetu tulicheka sana tuliposoma hayo, na mwalimu wa Bayolojia akaulizwa kama karatasi husagika tumboni. Lakini Abreu huyo aliacha mtoto mdogo nyuma, na hakumwona tena mpaka Desemba 2015, alipokwenda Kuba katika ziara ya ligi. Hapo hatukucheka.

Aliyenibadilisha mawazo kabisa, hata hivyo, ni José Fernández wa Santa Clara. Alijaribu kutoroka mara tatu akashindwa, akatiwa jela akiwa na umri wa miaka 14. Kumi na minne! Mtoto wa darasa la nane. Mwaka wa 2008, akiwa na miaka 15, alijaribu tena pamoja na mama yake na dada yake. Usiku mawimbi yalimzoa mtu kutoka kwenye boti. Kijana akajitupa majini bila kujua ni nani, akaogelea kumfuata, na alipomfikia akatambua kwamba ni mama yake. Alimkokota mpaka kwenye boti. Walifika Meksiko, wakasafiri kwa basi mpaka mpaka wa Marekani. Mwaka wa 2013 alitajwa kuwa mchezaji chipukizi bora wa ligi ya National, na mwaka huo huo akakutana tena na nyanya yake aliyekuwa amebaki Kuba. Alifariki tarehe 25 Septemba 2016 katika ajali ya boti karibu na Miami, akiwa na miaka 24.

Mimi nina miaka 16. Nilisimama pale mbele, shati limechomekwa, nikamwita mtu huyu msaliti nikapigiwa makofi.

Wahenga walisema Mgala muue na haki yake mpe, kwa hivyo nisiwadhulumu Wakuba waliokasirika. Hoja yao ni nzito. Watoto wenye vipawa husomeshwa bure katika shule maalumu za michezo, wakapewa makocha na matibabu. Kisha siku mpira umeiva, unakwenda kuliwa Miami. Nani atarudisha gharama? Mwalimu wetu mmoja aliniuliza hivyo hivyo na sikuwa na jibu siku ile. Sasa ninalo, na limetoka Japani. Ichiro Suzuki alipotaka kwenda Marekani mwaka wa 2000, klabu ya Seattle iliilipa klabu yake ya Orix kama dola milioni 13 kabla hata ya kuzungumza mshahara naye. Hakuna aliyeruka ua, na waliomlea walipata haki yao. Naye akabaki kipenzi cha Wajapani mpaka leo.

Na jambo kama hilo karibu lifanyike Kuba! Desemba 2018 shirikisho la besiboli la Kuba na ligi kuu ya Marekani walikubaliana kwamba wachezaji wa miaka 25 na zaidi waliotumikia ligi ya nyumbani miaka sita waachiliwe, klabu zilipe ada kwa shirikisho, na mchezaji aweze kurudi kwao. Miezi minne tu baadaye, Aprili 2019, serikali ya Rais Trump iliufuta mpango huo ikidai shirikisho ni sehemu ya serikali ya Kuba. Nilipokuwa nikisoma hapo nilifunga gazeti kwa hasira. Walanguzi bila shaka walifurahi.

Serikali ya Kuba nayo isijifanye haijui biashara hii. Mwaka wa 2018 madaktari 100 wa Kuba waliletwa hapa kwetu Kenya kufanya kazi katika hospitali za kaunti. Kuba hupeleka madaktari nchi nyingi na hupokea sehemu ya malipo yao. Tangu mwaka wa 2013 imeruhusu wachezaji pia kwenda ng'ambo kwa mikataba inayoikubali. Liván Moinelo, kwa mfano, alianza kuchezea SoftBank Hawks ya Japani mwaka wa 2017 bila kutoroka mtu. Ina maana kwenda ng'ambo kutafuta riziki si dhambi kwao. Dhambi ni kwenda bila stakabadhi yao. Kama hivyo ndivyo, basi neno msaliti tulilipoteza bure siku ile ukumbini.

Timu yenyewe imeumia. Kuba ilitwaa dhahabu ya Olimpiki 1992, 1996 na 2004. Kwa michezo ya Tokyo ya 2021 haikufuzu hata kidogo. Vuli ya mwaka huo vijana wake wa chini ya miaka 23 walikwenda Meksiko kwa kombe la dunia, na takriban nusu ya timu haikupanda ndege ya kurudi. Mwaka wa 2023 wakuu wa Kuba walilegeza kamba kidogo, wakawaita katika timu ya taifa Yoán Moncada na Luis Robert waliokuwa wakichezea Chicago White Sox. Hawakuitwa wasaliti tena, ati sasa ni vijana wa nyumbani. Walifika nusu fainali, wakapigwa na Marekani 14 kwa 2, mjini Miami, na baada ya mechi mmoja wao akabaki huko huko.

Mwaka huo wa 2013 niliotaja, kuna mwingine aliyerudi: José Contreras, mrusha mpira aliyetoroka Oktoba 2002. Mama yake alikuwa mgonjwa na sheria mpya ya uhamiaji ilimruhusu aingie. Alikaa zaidi ya miaka kumi bila kukanyaga kwao, mtu mwenye mkataba wa dola milioni 32, akingoja ruhusa ya kumjulia mama hali.

Basi, Bwana Mwenyekiti wa chama, naomba kumbukumbu za mdahalo ule zirekebishwe. Ile kura yangu ihamishiwe upande wa wapinzani. Na kama mlezi wetu atakubali marudiano muhula ujao, mimi nitakaa kule ng'ambo ya pili, karibu na dirisha. Mtetezi wa kwanza mtafuteni mwingine.