TWACHAGUA, HATUPOSI



Kila uchaguzi unapokaribia, na kabla hata wino wa fomu haujakauka, huzuka katika mabaraza yetu watu ambao kazi yao ni moja tu, nayo ni kuuliza khabari za nyumba ya mgombea. Fulani anafaa, wasema, lakini mkewe si wa hapa. Fulani ni hodari wa kusema, lakini mkewe haonekani mikutanoni. Bi. Fulani ni msomi na mchapa kazi, lakini je, mumewe ameridhia? Maneno haya lau yangalisemwa na mahasimu wetu tungalijua la kuwajibu. Yasemwa na wenzetu wenye kadi zetu mifukoni, na husemwa kwa sauti ya hekima, kana kwamba msemaji ameshazipima kura kwa mizani akaona mke ana ratili ngapi na mume ana ratili ngapi.

Sisi twasema mizani hiyo ni mbovu. Mke au mume humfaa mgombea au humdhuru kwa kadiri ile ile ambayo mgombea mwenyewe amesimama sawa au amepinda katika jambo la nyumba yake. Basi apimwe yeye.

Mwenye shaka na aitazame Botswana, iliyokuwa ikiitwa Bechuanaland wakati wa Mwingereza. Mwaka 1948 Seretse Khama, mrithi wa utawala wa Wabamangwato, aliyekuwa akisoma sheria London, alimwoa Ruth Williams, binti wa Kiingereza aliyekuwa karani. Lau wakati ule ungaliwauliza wajuzi wote wa siasa, wangalikuambia kwa kinywa kimoja kuwa kijana huyu amejichimbia kaburi kwa mkono wake. Askofu wa London alikataa wasifungiwe ndoa kanisani ila Serikali iridhie, wakaenda kufunga ndoa ya serikali. Ami yake Tshekedi, aliyekuwa ameshika utawala kwa niaba yake, aliwaka kwa ghadhabu. Na huko Afrika Kusini, ambako chama cha ubaguzi kilikuwa ndiyo kwanza kimeingia madarakani mwaka ule ule, na mwaka uliofuata kikapitisha sheria ya kuharimisha ndoa baina ya mweupe na asiyekuwa mweupe, watawala hawakuweza kustahimili kuiona ndoa kama hiyo mlangoni mwao.

Wenyewe Wabamangwato walifanyaje? Mwanzo walikataa. Lakini Seretse hakumficha mkewe, wala hakumkana. Alirudi Serowe, akasimama mbele ya baraza la watu wake mara moja na mara ya pili na mara ya tatu, akawauliza waziwazi. Na mnamo Juni 1949 umma mkubwa wa baraza ukasimama upande wake, wapinzani wakabaki wachache. Hapo ndipo Uingereza ilipoingia kati. Tume yake ya uchunguzi ilimwona Seretse kuwa anafaa kutawala, ila ndoa yake itawaudhi majirani. Na Serikali ya London, badala ya kuitangaza ripoti hiyo, ikaifungia kabatini, na mwaka 1950 ikamfukuza mtu katika nchi yake. Waliofanya hivyo walikuwa Chama cha Labour, marafiki wa wanyonge! Churchill na wenziwe walipochukua serikali walisema kuwa uhamisho huo ni wa daima.

Wabamangwato walitakiwa wamchague mtawala mwengine, wakakataa. Mwaka 1956 Seretse na Ruth waliruhusiwa kurejea, naye akiwa ameshauacha utawala wa kurithi. Na ulipofika uchaguzi wa 1965, chama alichokiongoza kilipata viti 28 katika viti 31. Yule bibi wa Kizungu, aliyeambiwa kuwa ndiye atakayemwangamiza mumewe, akawa mke wa Rais wa kwanza wa Botswana, akaishi nchini humo hata baada ya mumewe kufariki mwaka 1980, mpaka alipokufa yeye mwaka 2002.

Hatusemi kuwa Bibi Ruth ndiye aliyezileta kura zile. Seretse alikuwa na nasaba, alikuwa na elimu, na wapinzani wake walikuwa wamegawanyika. Tusemalo ni kuwa watu walikuwa wamekwisha kumwona akiwekewa kiti cha enzi mkono huu na mke mkono huu, na hakumuuza mke ili apate kiti. Mtu wa namna hiyo mpiga kura hana khofu kuwa kesho atauzwa yeye.

Kinyume chake ni Bwana François Fillon wa Ufaransa, aliyepata kuwa Waziri Mkuu. Mwishoni mwa 2016 chama chake kilimteua kugombea urais, naye akihubiri unyofu na kuwataka wananchi wafunge mikanda. Januari 2017 gazeti la Le Canard enchaîné likafichua kuwa mkewe Penelope alilipwa fedha za Bunge kwa miaka kadhaa, kwa kazi ambayo alama zake zilikuwa shida kuonekana. Aprili Fillon akawa wa tatu, na mahkama baadaye ikawatia hatiani wote wawili. Bila ya shaka wako watakaosema, mwaona, mke amemponza! La hasha. Kilichomponza ni ulimi uliohubiri kufunga mikanda huku mkoba wa nyumbani ukijazwa.

Na wanawake? Wao hupimwa kwa mizani yenye jiwe chini ya sahani. Mwaka 1984, Marekani, Bibi Geraldine Ferraro aliteuliwa kugombea umakamu wa rais, mwanamke wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa nchini humo. Mara wakaacha kumuuliza siasa, wakaanza kumuuliza hesabu za mumewe, mfanya biashara ya majumba, na kodi alizolipa. Kuuliza si kosa. Lakini Reagan alishinda katika majimbo 49 kati ya 50; nasi twauliza, ni mume gani huyo awezaye peke yake kupoteza majimbo 49?

Hapa kwetu jambo lina sura chungu zaidi, na ndiyo iliyotushikisha kalamu. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 ziliandikwa khabari za wanawake wa Zanzibar waliopewa talaka kwa sababu ya kura tu. Hawakugombea. Walipiga kura, ambayo kwa sheria ni siri, nao wakarudi makwao kukuta nyumba si zao tena. Na huku khabari hiyo ingali vichwani mwetu, mwanachama wetu anasimama barazani kumuuliza mama aliyeomba kuteuliwa kama mumewe ameridhia! Hajui anachokifanya huyu? Amechukua ufunguo wa uteuzi wetu akautia mfukoni mwa mtu asiyegombea, ambaye pengine si mwanachama kamwe. Hasimu wetu hatahitaji tena kushindana na mama huyo jukwaani; atamwendea mumewe usiku, amnong'oneze mawili matatu, na asubuhi hatuna mgombea.

Twakiri kuwa wake wa wagombea wamekifaa chama hiki, na sana. Mgombea mwanamume huishia barazani. Ukumbini na uani hafiki. Anayefika ni mkewe, katika arusi, katika khitma, kwa mzazi aliyejifungua. Anawajua watu kwa majina na kwa shida zao, na kura za mtaa mzima huenda zikawa zimepita katika mikono yake. Kazi hiyo tumezoea kuiita wajibu wa mke. Ni kazi ya chama, na mwenye kuifanya ana kadi sawa na ya mumewe.

Kwa hiyo Kamati za Matawi, zitakapokaa kupitisha majina, na ziyafute katika mazungumzo yao masuala ya nani ameoa wapi na nani ameridhiwa na nani. Ziulize mgombea analipwa na nani, na kama aliyoyasema mwaka jana ndiyo ayasemayo leo. Na likitokea tawi ambalo wote wamekiri kuwa kura ziko mkononi mwa mke, basi watueleze kwa nini fomu imejazwa jina la mume.