Nionyesheni Filamu Nzima

Ukitaka kumaliza ubishi kijiweni siku hizi, sema tu: "Nimeiona kwa macho yangu." Huku Mitole, kama kwingine kote Kilwa, neno hilo linafunga mjadala. Filamu fulani ina wasagaji, katuni fulani inawafundisha watoto usagaji, nimeiona. Ukimbana msemaji, utakuta alichokiona ni kipande cha nusu dakika kilichopita kwenye kundi la WhatsApp, au movie ya kutafsiriwa aliyoitazama kibanda umiza, ambamo nusu ya maneno ni ya DJ. Imani kwamba jicho peke yake linatosha kuthibitisha mhusika ni nani na anampenda nani, hiyo ndiyo ninayoipinga.

Uzuri au ubaya wa usagaji wenyewe wengine wameusemea mpaka sauti zimewakauka, siwaongezei. Ninachodai ni kidogo: anayesema filamu ina mwanamke anayempenda mwanamke ataje filamu ipi, ya mwaka gani, tukio lipi, na nani mwingine amelithibitisha.

Juni 2017, bodi ya filamu ya Kenya ilipiga marufuku katuni sita zilizokuwa zikirushwa kwenye televisheni za kulipia, kwa madai kwamba zilitukuza mapenzi ya jinsia moja. Mojawapo ilikuwa Adventure Time. Sasa tazama mtiririko wa ushahidi wenyewe. Mwaka 2014 Olivia Olson, mwigizaji aliyempa sauti mhusika Marceline, aliwaambia mashabiki kwamba mtunzi wa katuni alimdokeza kuwa Marceline na Princess Bubblegum waliwahi kuwa wapenzi. Halafu akageuka, akaandika kwamba yeye hupenda kutunga mambo akiwa mbele ya watu. Busu la wawili hao lilikuja kuonekana kwenye kipindi cha mwisho, Septemba 2018, zaidi ya mwaka mmoja baada ya marufuku. Dalili zilikuwapo kabla, wala sikatai. Lakini yule aliyeapa mwaka 2017 kwamba "ameona", hasa aliona nini? Alibahatisha, na kubahatisha ukapatia si sawa na kujua.

Katika orodha hiyohiyo ilikuwamo The Legend of Korra. Hapo mambo ni tofauti. Kipindi cha mwisho cha Desemba 2014 kinamalizika Korra na Asami wakishikana mikono, wakitazamana. Wapo waliosema ni marafiki tu, wapo waliosema ni zaidi. Siku tatu baadaye watunzi wenyewe, Michael DiMartino na Bryan Konietzko, wakaandika kwa majina yao kwamba wawili hao wanapendana kimapenzi. Huo ni ushahidi: una mwenyewe, una tarehe, na mwenyewe ndiye aliyeitunga hadithi. Hata hivyo, wanaomwandika Korra kwenye orodha za wasagaji nao wanateleza, maana katika vipindi vya mwanzo alimpenda kijana aitwaye Mako. Anayependa wanaume na wanawake ni mtu mwingine, na orodha nyingi za mtandaoni hazina muda wa kutofautisha.

Nakala uliyoitazama nayo ina yake. Katika katuni ya Onward ya mwaka 2020 yumo askari mwenye jicho moja, Specter, anayetamka sentensi moja tu kuhusu binti wa mpenzi wake wa kike. Oman, waliko ndugu zetu wengi, haikuionyesha. Urusi waliionyesha, lakini kwenye sauti ya Kirusi huyo mpenzi hakutajwa kuwa mwanamke. Mtazamaji wa huko angeweza kuapa kwa imani safi kwamba hakuna kitu. Tena mchezo huo ni wa zamani. Filamu ya Mogambo ya mwaka 1953, iliyopigwa Kenya, Uganda na Tanganyika yetu, ilipofika Hispania ya Franco wakaguzi waliwageuza mume na mke kuwa kaka na dada, ili mke asionekane anazini. Matokeo yake kaka na dada wakawa wanalala hema moja!

Ndiyo maana siwezi kukubali DJ awe shahidi. Tangu enzi za DJ Lufufu, kazi ya watafsiri wetu wa movie ni kuuchangamsha ukumbi, na wanaiweza kweli. Nami huwacheka mpaka mbavu ziume. Lakini DJ akitaka mpenzi awe dada, atakuwa dada. Akitaka majirani wawili wawe wasagaji ili vijana wapige mayowe, watakuwa wasagaji mpaka mwisho wa filamu.

Shahidi wa kuaminika mara nyingine anatoka kwa mpinzani. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku Kenya Aprili 2018, na bodi ikaeleza sababu kwa maandishi: mapenzi kati ya wanawake wawili, Kena na Ziki. Mwongozaji hakukanusha, alieleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho wa hadithi, akakataa. Mnamo Septemba Jaji Wilfrida Okwany akasimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, watu wazima wakaitazama. Hadithi yenyewe inatokana na "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007, nayo ni ya wasichana wawili wanaopendana. Bodi na msanii walifikishana mahakamani, lakini juu ya Kena ni nani hawakuwa na ubishi hata chembe. Anayetafuta uthibitisho aanzie kwenye karatasi za namna hiyo, si kwenye kipande kilichokatwa na mtu asiyejulikana.

Mtaniambia nakuza mambo, filamu ni filamu tu. Lakini mwishoni mwa Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka watu wa mapenzi ya jinsia moja, akawaomba wananchi walete majina. Serikali ilijitenga na kauli hiyo, lakini mwito ulikuwa umeshatolewa. Katika nchi ambayo jina la mtu linaweza kuitishwa hivyo, uvumi hauishii kwa mhusika wa kubuni. Unamshukia mwigizaji. Watazamaji wetu humzomea sokoni dada aliyeigiza mke mwizi. Wakishawishika kwamba aliyeigiza msagaji ni msagaji, hawataishia kuzomea. Samantha Mugatsia, aliyeigiza Kena, alikuwa mpiga dramu ambaye hakuwahi kuigiza filamu kabla ya hapo. Kwa kuitazama Rafiki, jambo moja tu ndilo mtu anaweza kusema juu yake kwa uhakika: kwamba aliigiza.