Kaka, Zima Taa Kwanza

Wiki iliyopita Corolla yangu ya mwaka 1998 ilipata chongo. Nikaenda Gerezani, Kariakoo, kutafuta globu ya H4, ile ya kawaida ya wati 60 kwa 55. Muuzaji alinitazama kama mtu aliyeulizia utambi wa kibatari. "Kaka, hizo za njano ni za wazee. Funga LED, usiku uwe mchana." Fundi rewaya aliyekuwa pembeni akamalizia: "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Wote wanakumulika, na wewe wamulike."

Hoja yao ndiyo hiyo, na ndiyo ninayoikataa.

Ndani ya H4 mna nyuzi mbili, wa ful na wa dimu. Chini ya ule wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usiende chini. Unapiga nusu ya juu tu ya sahani inayong'aa nyuma yake, nayo inaushusha barabarani. Kazi yote ya dimu ipo kwenye kikombe hicho. LED nyingi za bei ya kutupa hazitoi mwanga pale pale nyuzi zilipokuwa, kwa hiyo unatawanyika hadi machoni mwa anayekuja. Umebonyeza dimu, roho yako imetulia, mwenzako haoni kitu.

Sisemi haya kwa utakatifu. Nilizifunga mwenyewe, miezi minne. Nilijiona bwana wa barabara mpaka usiku mmoja, karibu na Mlandizi, bodaboda iliyokuwa ikija mbele yangu ikaacha lami na kuingia mtaroni. Nilimkimbilia. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, mzima, mkono umefunika uso. Hakunitukana. Alisema tu, "Kaka, zima taa kwanza."

Na ninyi mnaosema njano haitoshi, mmeshasafisha taa zenyewe? Plastiki iliyofubaa na soketi yenye kutu hula mwanga mwingi, halafu lawama anabebeshwa globu.

Nilinunua ya njano. Nikachomoa soketi, nikavua raba, nikafyatua klipu ya waya. Mpya nikaishika kwa kitako, maana mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo, kikipata moto haidumu. Dakika kumi. Fundi alikuwa bado anacheka nilipofunga boneti.