Mjane aliyeshika funguo za ngome

Mwaka 1216 Mfalme John wa Uingereza alipofika mjini Lincoln, mjane mmoja aliyevuka miaka 60 alimwendea akiwa na funguo za ngome mkononi. Alimweleza mfalme kuwa umri umekwenda, mzigo umemzidi, apewe mtu mwingine. Mfalme alikataa, akamrudishia funguo zake.

Mjane huyo ni Nicola de la Haye. Wengi wakisikia habari za ngome za kale za Ulaya hufikiria panga, farasi na wanaume tu. Kumbe ngome ilikuwa pia nyumba ya familia, na nyumba ina mama.

Ngome ya Lincoln ilianza kujengwa 1068, miaka miwili baada ya William wa Normandy kuiteka Uingereza. Nyumba 166 za wenyeji zilibomolewa kupisha ujenzi. Ngome nyingi za wakati huo zilikuwa kilima cha udongo, mnara wa mbao juu yake, na ua uliozungushiwa magogo. Lakini mbao huoza, tena hushika moto. Taratibu mawe yakachukua nafasi yake.

Ndani ya kuta hizo kulikuwa na ukumbi wa kulia chakula na kusikiliza mashauri, jiko, ghala na mazizi. Baba mwenye nyumba mara nyingi alikuwa vitani au kwa mfalme. Aliyebaki kujua nafaka imebaki kiasi gani, askari wanadai nini na watumishi wamegombania nini, ni mkewe. Adui akizingira, hesabu hiyo ya ghalani ndiyo iliyoamua nani ataishi.

Nicola alirithi usimamizi wa ngome kutoka kwa baba yake, ambaye hakuacha mtoto wa kiume. Kwa desturi ya siku zile, cheo kilishikwa na mumewe, Gerard de Camville. Hata hivyo, mwaka 1191 ngome ilipozingirwa Gerard akiwa mbali, mkewe ndiye aliyeongoza ulinzi kwa takriban siku 40, hadi maadui wakaondoka.

Gerard alipofariki, Nicola hakuanza kujifunza kazi. Alikuwa anaijua. Mwaka 1217 mabwana walioasi, wakisaidiwa na Wafaransa, waliuteka mji wa Lincoln na kuizingira ngome. Bibi huyo hakufungua lango. Mei 20, William Marshal, mzee wa miaka 70 hivi, alifika na jeshi la mfalme. Baadhi ya askari wake waliingizwa ngomeni, wakawarushia waasi mishale kutoka juu ya kuta. Siku hiyohiyo waasi walishindwa.

Shukrani aliyopata inauma. Siku nne baadaye alivuliwa madaraka, ngome akapewa mtawala wa Salisbury, ami yake mfalme mpya, Henry III, aliyekuwa bado mtoto. Na bwana huyo hakuwa mgeni kwa Nicola. Mwanawe alikuwa ameahidiwa kumwoa Idonea, mjukuu wa Nicola. Mkwe hakuwa na subira ya kungoja urithi ufike kwa njia yake.

Nicola hakukaa kulia. Alikwenda mwenyewe mbele ya baraza la mfalme, akadai haki yake, na mwaka huohuo akarudishiwa ngome. Aliishika hadi 1226, alipoiachia na kwenda kupumzika kijijini Swaton, alikofariki 1230.

Kilichomwokoa si kuta za mawe peke yake. Aliijua nyumba yake tangu mumewe akiwa hai: kilichomo, wanaoitegemea, na haki yake juu yake. Mke anayefichwa mambo ya nyumba hadi siku ya msiba huachiwa funguo bila kujua zinafungua nini, na wapo ndugu watakaokuwa tayari kumpokea.